Pampu Niliyoipima kwa Kompyuta

Diploma yangu ya uhandisi nimejisomesha mwenyewe kwa kuuza mitumba Dar, kwa hiyo niliporudi Bariadi sikuwa mtu wa kuuliza uliza. Mwezi uliopita, kwenye ofisi ya maji nilikoajiriwa, nilipewa kazi ya kupima kwenye kompyuta kama pampu inayotakiwa kufungwa kwenye kisima cha kijijini kwetu Mwamapalala itahimili matumizi. Majibu yakiridhisha, mradi ungekuwa chini yangu.

Nikapanga majaribio peke yangu. Niliingiza kaya, shule na zahanati, kompyuta ikaigiza miaka mingi, kiangazi na masika. Pampu haikuzidiwa hata mara moja. Nikaonyesha majibu ukutani mbele ya ofisi nzima.

Mhandisi mkuu, mama mmoja mpole, akauliza, "Mwanangu, kwenu Mwamapalala mna ng'ombe?"

"Wengi, mama!" nikajibu kwa majivuno. "Wa baba peke yake wanajaza barabara."

"Kiangazi wanakunywa wapi?"

"Hapo hapo kisimani."

"Haya, nionyeshe kwenye kompyuta yako."

Nikashusha ukurasa mpaka chini, nikaupandisha tena.

"Labda wanakunywa soda," mtu akasema nyuma.

Mtoto wa mfugaji mimi, sikuwa nimeweka hata ndama.