Chuma Kilichotolewa kwa Ajili ya Benedeta

Watu wa Tiira, kijiji cha wachimba dhahabu upande wa Uganda, walimwita Mangeni dereva wa mawe. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya mawe ya dhahabu kutoka mashimoni hadi kwenye mashine za kusaga, kwa pikapu nyeupe iliyokuwa imechoka kila mahali isipokuwa injini. Benedeta alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakisubiri pale mashineni, kila mmoja na karai lake la kuoshea unga wa mawe. Mangeni alimpenda kwa sababu alikuwa hamwogopi. Gunia likipasuka kwa sababu dereva alikuwa na haraka, wengine walinyamaza. Benedeta alisema.

Walioana, wakajenga si mbali na mashimo, wakapata binti mmoja, Lillian, ambaye siku hizi ameolewa Malaba, upande wa Kenya.

Ugonjwa ulianzia mgongoni. Benedeta alidhani ni uchovu wa kuinama juu ya karai, akaendelea kufanya kazi huku amejifunga leso kiunoni. Madaktari wa Tororo walipokuja kuutambua, saratani ilikuwa imeshaingia mifupani. Walimpa dawa ya maumivu ya kunywa na tarehe za kurudi kliniki. Muuguzi alimvuta Mangeni kando akamweleza kwamba mifupa ya mkewe imekuwa dhaifu mno. Asipandishwe pikipiki, na kwenye gari asirushwerushwe.

Lakini kutoka nyumbani kwao hadi kwenye lami kulikuwa na njia ya udongo iliyochimbwa na malori ya mawe. Mvua ikinyesha, mifereji ya matairi ilikuwa na kina kiasi kwamba gurudumu moja hushuka na jingine hubaki juu, na pikapu nzima ikalala kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Benedeta alikaa mbele akiwa ameegemezwa mito, ameuma ncha ya leso. Mangeni alijaribu kwenda polepole zaidi, akajaribu kupunguza upepo kwenye matairi. Haikusaidia sana. Siku moja walipofika nyumbani, Benedeta alimwambia kwamba hatakwenda tena.

"Dawa inanisaidia, Baba Lillian," alisema. "Barabara ndiyo inaniua."

Kesho yake Mangeni alivuka mpaka pale Busia kwenda kwa Chrispinus, fundi wa upande wa Kenya aliyekuwa akimtengenezea gari miaka yote. Hakumweleza habari ya ugonjwa kwanza. Alisema tu, "Mimi nataka gari isitupe mtu."

Chrispinus alimtazama, akamuuliza ni nani anayetupwa. Alipoambiwa, aliacha kazi aliyokuwa nayo, akaingia chini ya pikapu. Alimwonyesha Mangeni chuma kirefu kilichopinda, kinachoshika gurudumu la mbele la kushoto na la kulia pamoja. Mafundi hukiita stabilaiza. Kwenye lami, alieleza, chuma hiki ndicho kinachozuia gari kulala upande likikata kona. Kwenye mashimo mambo hugeuka: gurudumu moja likipanda, chuma kinakataa liende peke yake, na kwa hiyo bodi yote inayumba na aliyemo ndani anayumba nayo. Kikitolewa, kila gurudumu litafuata shimo lake na bodi itatulia.

"Lakini nisikilize, ndugu yangu," Chrispinus alisema. "Ukifika lami, wewe ni mtu wa mwendo wa pole. Ukikata usukani ghafla, hii gari italala."

Mangeni aliahidi. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, ikabidi zilowekwe mafuta na kugongwa kwa muda mrefu ndipo zikaachia. Chuma kilipotoka, Chrispinus alikiweka nyuma ya pikapu, akakataa kuzungumzia malipo.

Safari iliyofuata ya Tororo, Benedeta alishika mlango kwa mikono miwili kama kawaida, akingoja kurushwa. Pikapu ikaingia mfereji wa kwanza, magurudumu yakapanda na kushuka, na kiti chake kikayumba kidogo tu. Wakapita mfereji wa pili. Benedeta akaachia mlango. Mbele kidogo alianza kumwonyesha Mangeni mashamba ya watu, nani amepalilia na nani amelala, na Mangeni akajua kwamba mkewe amerudi, hata kama ni kwa muda.

Walipata miezi kadhaa ya namna hiyo. Mangeni aliacha kubeba mawe. Mdogo wake, Paddy, alimsaidia chakula, na pikapu ikabaki kuwa ya Benedeta. Kwenye lami madereva wengine walimpigia honi na kumpita wakimtukana kwa mwendo wake. Yeye aliwaacha wapite.

Kisha Benedeta akaomba kupelekwa Lumino kwa mama yake, Anjeline, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia kusafiri. Walikuwa hawajaonana tangu ugonjwa uanze.

Walifika mchana. Anjeline alikuwa amekaa mlangoni, na Mangeni alisimama mbali uani, maana kwa Wasamia, kabila lao, mkwe hamsogelei mama wa mkewe, sembuse kuingia chumbani kwake. Katika miaka yote ya ndoa walikuwa wakisalimiana hivyo, huku kila mmoja akitazama pembeni. Lakini Benedeta hakuweza kutembea, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kumbeba. Mangeni alimtoa garini mikononi mwake, akafika karibu na mlango, akasita.

"Ingia, mwanangu," Anjeline alisema. "Mlete mtoto wangu ndani. Leo hapa hakuna mkwe."

Mangeni akapita karibu naye, akaingia chumbani, akamlaza Benedeta kwenye kitanda cha mama yake. Anjeline alijikongoja hadi kitandani, na Mangeni akawaacha wawili hao peke yao. Akiwa uani alisikia sauti zao, kisha akamsikia Benedeta akicheka, kicheko cha zamani cha pale mashineni. Aliinamisha uso kwenye boneti ya pikapu akalia bila kutoa sauti.

Waliondoka jua likiwa bado juu. Lami ya Lumino kwenda Busia ni nzuri, haina mashimo. Benedeta alikuwa na furaha. Alisimulia maneno ya mama yake, Mangeni akawa anamsikiliza zaidi kuliko alivyokuwa anaangalia mwendo. Hakuwa anakimbia. Dereva yeyote mwingine angeuita mwendo wa kawaida. Bodaboda iliyobeba madumu iliingia barabarani kutoka kwenye njia ya pembeni, na Mangeni akakata usukani.

Pikapu ililala upande kama mtu aliyesukumwa, ikabaki hivyo kwa kitambo, kisha ikarudi. Haikupinduka. Haikugusa kitu. Yule wa bodaboda aliendelea na safari yake. Benedeta alikuwa ametupwa kwenye mlango, na nyonga yake ilikuwa imevunjika.

Hakurudi nyumbani tena. Katika wodi ya Tororo, Mangeni alikaa kando ya kitanda akitaka kusema jambo na kushindwa kulianza. Benedeta ndiye aliyelianza.

"Usinililie kama mtu uliyemuua," alimwambia. "Mimi nilitaka kumwona mama. Nani mwingine angenifikisha?"

Alifariki wiki hiyo, Lillian akiwa amemshika mkono.

Kwenye mazishi, Chrispinus alivuka mpaka na majirani zake wawili. Baada ya watu kutawanyika alimfuata Mangeni, akaanza kusema kwamba hakupaswa kukubali kukitoa kile chuma. Mangeni alimkatiza. Alimwambia kwamba miezi ile mkewe alisafiri bila kuuma leso, na hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake Chrispinus. Kosa la siku ile ya lami lilikuwa lake yeye Mangeni, na hatamgawia mtu. Walisimama pamoja hadi fundi alipoitwa kuondoka.

Pikapu sasa anaiendesha Paddy, ikiwa imerudishiwa stabilaiza yake. Mangeni analima muhogo, na akiwa na safari anatembea kwa miguu. Lillian alimsihi ahamie Malaba, akakataa, akisema hawezi kuliacha kaburi peke yake.

Mara moja tu binti huyo alithubutu kumuuliza kama anajuta kwenda Lumino.

"Asubuhi najuta," Mangeni alisema. "Jioni nikikumbuka alivyocheka, nasema ningempeleka tena. Sijui ni lini nitaacha kubadilika hivi."

Lillian alimsogezea chakula. Hakukigusa.