Moto Ndani ya Kinywa

Katika kliniki ya Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, muuguzi alimulika tochi kinywani mwa mama mmoja Mkongomani, muuza samaki. Juu, kaakaa lilikuwa jeupe, na katikati yake kidonda.

"Mama, unavutaka sigara namna gani?"

"Naingizaka upande ya moto ndani ya kinywa. Mu bwato, mutumbwi yetu ya samaki, upepo inazimaka. Tena mama mukwe hawezi kuona."

"Inauma?"

"Hapana. Chumvi tu sisikie tena mu chakula."

Muuguzi akazima tochi taratibu. "Kesho uende ku hospitali kubwa ya Mansa, kwa dokta ya meno, aangalie kama kidonda hii si kansa. Usingoje."

Mama akatoa pakiti ya sigara kifuani, akaiacha mezani, akatoka.

Sisi tunaosema mwanamke kuvuta hadharani ni aibu, hatujawahi kuuliza moto wenyewe anauficha wapi.