Benchi la Shangazi

Shangazi yangu, fundi wa mapazia, amekaa benchi la mwisho kanisani tangu mimi sijazaliwa. Hakulichagua. Siku ya kwanza alipofika na mumewe, Mzungu aliyekuwa akipokea watu mlangoni aliwatazama, akatazama na nafasi zilizokuwa wazi mbele, kisha akawaelekeza nyuma kabisa. Weusi waliokuja baadaye walielekezwa hukohuko. Ingekuwa mimi, ningegeuza papo hapo nikarudi zangu nyumbani. Shangazi alijikaza kisabuni, akakaa.

Miaka ikaenda. Akashona takia refu kwa vipande vya mapazia ya wateja, kijani hapa, maua pale, akalitandika juu ya benchi. Mumewe alikuwa na tabia moja: mahubiri yakinoga, yeye anakoroma, mpaka shangazi ampige kiwiko. Tulipomzika, nafasi yake ikabaki wazi, na ole wako uweke hata mkoba hapo.

Mwaka huu mchungaji mpya alianzisha masomo ya haki baina ya watu wa rangi mbalimbali. Baada ya ibada tunakaa ukumbini wawili wawili, mweusi na Mzungu, tunakunywa chai na kuulizana maisha. Shangazi alipangwa na nani? Yuleyule mzee wa mlangoni, siku hizi kala chumvi nyingi, magoti hayakunjiki. Nilipandwa na hasira, nikamnong'oneza shangazi aombe kubadilishiwa.

"Niache," akasema. "Miaka yote hii tunasalimiana tu. Acha sasa tuongee."

Mzee akaanza kuja kwenye chumba cha kazi cha shangazi. Mara ya kwanza alileta pazia lenye tundu, nadhani alilitoboa mwenyewe ili apate sababu. Alikuwa ameshika upindo, shangazi anabana pini, ndipo mzee akasema, "Mama, siku ile hakuna aliyeniagiza. Ni mimi mwenyewe."

"Najua," shangazi akajibu, akaendelea na pini zake. Mimi nilitaka ampe vidonge vyake, lakini nani ananisikiliza.

Basi kamati ya kanisa nayo ikaja na wazo. Kuonyesha kwamba mambo ya zamani yamekwisha, benchi la nyuma ling'olewe, na sisi tuhamie safu ya kwanza. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Hakuna aliyemgeukia shangazi.

"Walituweka bila kutuuliza," akaniambia njiani, "na sasa wanatuondoa bila kutuuliza. Wakiling'oa, mimi sirudi tena."

Nikaumia, maana nilijua hatanii, na tangu afiwe kanisa ndilo lililokuwa likimtoa ndani.

Jumapili iliyofuata tulimkuta mzee wa mlangoni amesimama kando ya benchi, bisibisi mkononi. Takia lilikuwa bado mahali pake.

"Mama," akasema, "wameniambia nilifungue kabla ya ibada. Nikaona nikungoje kwanza. Wewe unasemaje?"

Shangazi akajibu, "Hapa ndipo alipokaa mume wangu. Kama kweli mnataka tukae pamoja, huku nyuma pia kuna nafasi."

Mzee akaitia bisibisi mfukoni. Ibada ikaanza, mchungaji anatupungia mkono twende mbele, sisi tumetulia tuli. Mzee alikuwa bado kasimama hapo, hajui aende wapi. Shangazi akaligusa takia, upande wa mumewe.

"Kaa, mzee. Ila usinikoromee."

Akakaa, taratibu, kwa sababu ya yale magoti. Kamati nzima ikageuza shingo kututazama, nami nikawatazama vilevile mpaka wakageukia mbele.

Kabla ya wimbo wa mwisho mzee alikuwa anakoroma. Machozi yalimtiririka shangazi, wala hakumpiga kiwiko.