Faili la Fundi

Mimi ni mwepesi wa hasira na sioni haya kulisema. Hasira zimenitia matatani mara nyingi maishani, lakini kuna wiki moja pale Tunduma zilinifaa sana.

Nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha, hatua chache kutoka geti la kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Ni miaka ile modemu za kuchomeka zilipoanza kuingia mjini, na sisi wa ofisi ndogo tukajiona tumefika. Tulikuwa na kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya, na kazi yangu ilikuwa kuandaa nyaraka za mizigo ili malori yasilale mpakani bila sababu. Bosi wetu alitoka Kigoma, mtu wa swala tano, mpole kwa madereva na mkali kwa makarani. Tulimwita Hajji.

Kisha vikaja virusi. Unafungua folda la nyaraka, hukuti kitu. Kompyuta moja ikiugua asubuhi, kufika alasiri zote nne ziko hoi. Lori moja lililobeba shaba lilikwama siku tatu kwa sababu nyaraka zake zilipotea tukiwa tunaangalia, na mwenye mzigo alipiga simu mpaka Hajji akawa anaiacha inaita tu mezani.

Ikatafutwa sababu, nikapatikana mimi. Nilikuwa na flashi ya nyimbo za kwaya ambayo niliichomeka saa ya chakula, na kila mtu aliijua. Hajji alisimama nje ya ofisi, mbele ya madereva, wabadilisha fedha na makarani wa ofisi jirani, akasema binti wa Ileje ndiye aliyeleta ugonjwa na nyimbo zake, na likikwama lori jingine arudi kwao Ibaba akalime viazi. Watu wakacheka. Dereva mmoja wa Zambia aliniita bamayo, yaani mama, kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kile kicheko. Kulima viazi sikuogopa, nimevilima tangu utoto. Nilichokataa ni kurudi nyumbani na jina la mharibifu.

Tulikuwa na fundi aliyepita kila Jumatatu kusafisha kompyuta. Alihudumia ofisi zote za mtaa ule kwa flashi moja yenye programu ya kusafishia, aliyoivaa shingoni kwa kamba, na watu walimwita daktari. Akishasafisha tunapumua siku mbili, kisha ugonjwa unarudi na nguvu mpya. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Na mimi nisingejiuliza kama nisingekuwa nimetukanwa.

Jumapili baada ya ibada nikaingia kwenye kibanda cha intaneti, nikatafuta ukurasa wa watengenezaji wa ile programu ya kusafishia. Chini yake palikuwa na mstari wa herufi na tarakimu thelathini na mbili, na maneno yanayosema hakikisha ya kwako ni kama hii. Sikuelewa chochote. Dada mwenye kibanda, aliyesomea kompyuta Mbeya, akanieleza taratibu. Namba ile inaitwa hashi. Kompyuta hulisoma faili lote, mwanzo hadi mwisho, na kutoa namba hiyo. Faili likiwa lilelile, namba ni ileile, hata ulipe jina jingine. Likiguswa hata nukta moja, namba yote inageuka. Akanichapishia ule ukurasa, kisha akanichomea CD yenye programu safi pamoja na kiprogramu cha kupigia hizo namba, maana CD ikishafungwa hakuna kirusi kinachoweza kuipanda. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo, sijui hata niliyemringia ni nani.

Jumatatu nikamwomba Hajji ile kompyuta mpya ya mkononi, iliyokuwa bado kwenye boksi lake, haijagusana na zile zinazougua. Akakataa hata kabla sijamaliza. Nikamwambia, "Hajji, namba ya sili inayofunga mlango wa kontena ikiwa tofauti na iliyo kwenye karatasi, wewe unasemaje?"

Akajibu kwamba kontena limefunguliwa njiani, mtoto mdogo anajua hilo.

"Basi hata faili lina sili yake. Nataka tusome ya fundi."

Akalifungua boksi kwa mikono yake mwenyewe.

Fundi alipofika alinipa flashi bila wasiwasi. Nikaichomeka kwenye ile kompyuta mpya bila kufungua kilichomo, nikaweka na CD yangu, nikakipa kile kiprogramu faili lake la kusafishia kikapiga namba. Sasa Hajji alikuwa na utaratibu wake ambao ofisi nyingine zilitucheka nao: sili husomwa na watu wawili, mmoja mlangoni pa kontena, mwingine kwenye karatasi, tena kuanzia tarakimu ya mwisho kurudi nyuma, kwa sababu jicho huchoka likikaribia mwisho na wezi wanalijua hilo. Akavaa miwani, akashika karatasi yangu. Mimi nikasoma kwenye kioo.

"Nne," nikasema. Yeye alikuwa na herufi b. "Tisa." Yeye alikuwa na mbili. Hakunisubiri niendelee.

Fundi akasema huenda lake ni toleo la zamani. Nikakipa kiprogramu faili la kwenye CD, jina lilelile, toleo lilelile, tukaanza upya kutoka mwisho. Zilikubaliana zote thelathini na mbili, na tulipofika ya kwanza Hajji akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini.

Hajji akamgeukia fundi, akamuuliza kama ofisi nyingine nazo zinaugua.

"Zote, Hajji," fundi akasema. "Ile ya mwisho wa barabara ilianza kabla yenu. Kila mmoja aliniomba nisiseme, wateja wasije wakamkimbia."

Ndivyo tulivyokuwa. Kila wakala alificha aibu yake asimpe jirani faida, na siri ilipokuwa inafichwa, ugonjwa ulikuwa unatembea mlango kwa mlango shingoni mwa daktari. Fundi hakujua; angejua asingenipa flashi ile bila wasiwasi. Flashi yangu haikuwahi kuvuka kizingiti cha ofisi nyingine, na Hajji alilijua hilo bila kuambiwa. Akavua miwani, akasema nichukue likizo ya siku mbili na tuyaache yapite.

Sikutaka likizo. Nilimwambia alinisema mbele za watu, basi anisafishe mbele za watu, la sivyo barua yangu ya kuacha kazi ataipata siku hiyohiyo. Makarani wenzangu waliinamisha vichwa kwenye karatasi zao. Hajji akachukua kofia yake.

Tukatoka pamoja, mimi na ile CD mkononi. Kila ofisi tuliyoingia, alianza kwa kusema alinisingizia, kwamba aliyeleta ugonjwa si mimi, ndipo akaeleza habari za faili la fundi na kuwaomba wanipishe kwenye kompyuta zao. Mlango wa kwanza alisema kwa shida. Wa pili na wa tatu alizoea. Mlango wa nne akaanza moja kwa moja na faili. Nikakohoa, akanitazama, akarudi mwanzo.