Joji wa Ukoo wa Wafugaji

Nilipofika Karagwe kuuza nguo, nikitokea Pangani, wateja waliniuliza maana ya jina langu kabla ya kuuliza bei. Niliwaeleza, wakaridhika. Kwao jina lisilo na maana ni kama kibuyu kilichotoboka.

Basi akaja Mwingereza mmoja mwindaji kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, jina lake Joji. Wiki hiyo mke wa jirani yangu Kamugisha, mwenye ng'ombe wengi, akajifungua mtoto wa kiume. Kamugisha akatamani kumpa jina la mgeni.

"Ndugu yangu, nyie watu wa pwani mmewazoea Wazungu. Joji maana yake nini?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini nilishasikia kwamba mfalme wao naye ni Joji, nikajibu kwa sauti nzito, "Mkuu wa majeshi."

Mtoto akaitwa Joji. Ndugu wakakusanyika, maziwa yakapitishwa, mgeni akaalikwa. Kumbe Kiswahili anakijua. Kamugisha alipomshukuru kwa jina la kivita, mgeni alishangaa.

"Asili yake ni kwa Wagiriki wa kale," akasema taratibu. "Maana yake mkulima. Mtu wa jembe."

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kushika jembe, na hujivunia hilo. Wote wakanigeukia. Bibi wa mtoto akaweka kibuyu chini, akaniuliza kwa upole:

"Na wewe, Sadiki, lako ulituambia maana yake nini?"

Niliwaambia ni msema kweli.