Mwanamke wa Pili Dirishani

Wiki moja kabla ya harusi ya binti yangu, ukoo ulinituma nimwambie dada yangu mkubwa kwamba hatamsindikiza bibi harusi Mpanda. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na safari ya basi ni ndefu. Lakini kwetu shangazi ndiye anayemfikisha mwali kwa mumewe, kwa hiyo hakuna aliyetaka kulitamka jambo hilo mwenyewe.

Alikuja kwangu Rusimbi akitokea Katonga na beseni la dagaa. Akaketi sebuleni kuwachambua, chini ya picha niliyoinunua soko la Mwanga. Ni nakala ya mchoro wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa: farasi wanne wanavuta gari la abiria kwenye njia ya mawe milimani. Nikaona nianzie hapo, taratibu.

"Dada, tazama. Hawa walisafiri kabla ya injini. Ona gurudumu lilivyokwama. Ona farasi wa mbele, shingo imekaza, mdomo wazi. Mchoraji ameweka wingu zito juu ili tujue mvua iko karibu. Wanaume wameshuka kusukuma. Safari ya hivi inamchosha hata kijana."

"Maskini farasi," akasema. "Na huyu binti wa dirishani, mwenye shela?"

"Labda ni bibi harusi. Mchoraji hakutuambia."

"Na mama aliye nyuma yake?"

"Abiria tu."

Akafuta mikono, akainuka kwa kushikilia kiti, akasogeza uso hadi karibu na kioo.

"Abiria gani anamshika mtu bega namna hii? Mdogo wangu, picha umeitundika mwaka mzima, mkono hujauona?"

Sikuwa nimeuona. Ulikuwa mkono wa kizee, umechorwa kwa rangi hafifu, na binti ameuinamishia shavu. Nikaanza kueleza kwamba wachoraji wa zamani walipenda kuficha jambo kubwa ndani ya kitu kidogo.

"Hajaficha chochote. Huyo ni shangazi mtu. Na njia mbovu yote hiyo, wamempakia." Kisha akasema bila kugeuka, "Wamekutuma, eeh?"

"Wamenituma."

"Haya, sema."

Nikautazama tena ule mkono pichani. Binti yangu, ambaye kumbe alikuwa akisikiliza jikoni, akatokea mlangoni.

"Shangazi, mimi nitakaa dirishani. Wewe kaa upande wa njia ya katikati, unyooshe miguu. Tukifika Uvinza tutashuka utembee kidogo."

"Mwali hapangi safari, mwali ananyamaza!" dada akamfokea huku akicheka, na machozi yakimtoka. "Na nani kakwambia mimi sitaki dirisha?"

Jioni ile nilimpigia simu kaka yetu, aliyenituma kwa niaba ya ukoo. Akauliza, "Na magoti yake je?"

"Wanagombania viti," nikamjibu. "Kata tiketi yake."