Mkopo na Ufa wa Chumba cha Nyuma

Mtaani walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kufumba jicho moja na kukagua kama mlango umesimama wima. Alikuwa mwashi kwa miaka ishirini na sita. Alijenga madarasa, zahanati, maduka, na nyumba za watu ambao siku hizi wakimwona njiani hupandisha vioo vya magari. Yeye mwenyewe alikuwa mpangaji, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Mwenye nyumba alipoamua kuiuza, alimpa Pimamaji nafasi ya kwanza kwa sababu ya kujuana kwao. Alimpa miezi mitatu. Ikipita, angemuuzia mfanyabiashara aliyetaka kuibomoa ajenge ghala. Pimamaji alikuwa ameweka akiba ya theluthi ya bei. Iliyobaki akaenda kuiomba benki.

Ofisa mikopo, msichana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimpokea vizuri na kumweleza kwamba mkopo wa nyumba huchukua wiki nne hadi sita, karatasi zikiwa sawa. Pimamaji akapiga hesabu kwa vidole. Wiki sita zingemwachia mwezi mzima kabla ya mvua. Akatoka pale amechangamka.

Hesabu ya mvua ilikuwa siri yake. Walipokuwa wanachimba msingi miaka ile, kona ya chumba cha nyuma iliangukia kwenye shimo la zamani la taka lililofukiwa. Dawa ya hapo kila mwashi anaijua: chimba mpaka ukutane na udongo mgumu. Lakini mwenye nyumba alikuwa na haraka, akasema mwageni zege tuendelee. Na Pimamaji, kijana wa kibarua mwenye mtoto mchanga nyumbani, akamwaga. Mwaka jana ukuta wa kona ile ukafanya ufa.

Hakumwambia mtu. Alifanya wanachofanya waashi: alipaka ukanda mwembamba wa jasi kuukatiza ufa, akaandika tarehe kwa penseli. Jasi haina subira. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, inakatika. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliitazama, na kila asubuhi aliikuta nzima. Mpango wake ulikuwa kwamba nyumba ikishakuwa yake, achimbe kona ile kipande kwa kipande na kuuwekea msingi zege jipya chini yake, udongo ukiwa bado mkavu. Kabla ya hapo asingeweza kugusa. Mwenye nyumba angeliona shimo, habari ingefika benki, na benki ingekimbia. Na katika chumba hicho ndimo walimolala mabinti zake wawili wa mwisho.

Wiki ya tatu benki ikadai hati ya mshahara. Mwashi anaipata wapi? Mshahara wake hulipwa mkononi Jumamosi, saruji ikiwa bado kwenye kucha. Basi alete taarifa ya akaunti ya miezi sita na barua za wakandarasi aliowafanyia kazi. Mkandarasi mmoja alimzungusha siku tisa kwa barua ya mistari minne.

Wiki ya sita jina lake likaonekana kwenye kumbukumbu za wadaiwa. Aliwahi kumdhamini shemeji yake kwa friji. Deni lilikwisha zamani, ila duka halikujisumbua kulifuta. Alipomfuata shemeji, yule akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, friji lenyewe lilishakufa. Jina lako ndilo limebaki hai."

Wiki ya nane jalada la kiwanja lilikuwa kwenye meza ya mkubwa wa ofisi ya ardhi, na mkubwa alikuwa likizo. Mwenye kiti ofisini hupita mlango mmoja tu akapata nyumba. Mwenye kubeba tofali hutakiwa alieleze kila tofali alilowahi kubeba. Pimamaji alirudi kwa ofisa mikopo amechoka.

"Baba, si mimi ninayekuchelewesha," msichana alimwambia kwa upole. "Kila karatasi ina mlango wake."

Jioni ile, akirudi nyumbani, aliona wingu la kwanza.

Wiki ya kumi mthamini wa benki akatoa taarifa kwamba angekuja kesho yake kuikagua nyumba. Pimamaji alikuwa kazini. Alirudi akakutana na harufu ya rangi mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama chumba cha nyuma, kanga imejaa madoa meupe, na ukuta unang'aa.

"Ile jasi yako mbaya nimeikwangua," alisema kwa fahari. "Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Nimeuziba."

Pimamaji alitafuta kiti, akakaa. Angemlaumu kwa lipi, naye hakuwahi kumweleza? Tangu saa hiyo hakuwa na namna ya kujua kama nyumba imetulia au inakwenda.

Mthamini alipima vyumba, akapiga picha, akagonga ukuta wa nyuma kwa kidole. Akauliza nani aliijenga.

"Mimi."

"Basi fundi ndiye mnunuzi," mthamini alicheka. "Sina swali tena."

Ulikuwa wakati wa kusema. Pimamaji alifungua mdomo, akamkaribisha maji ya kunywa.

Wiki ya kumi na mbili, siku mbili kabla ya miezi mitatu kutimia, mvua ilianza alfajiri. Saa nne simu ikalia: mkopo umepita, hali ya jengo imeandikwa nzuri, aje kesho asaini. Mkewe alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Pimamaji alikwenda chumba cha nyuma. Kwenye rangi nyeupe, kuanzia pembe ya dirisha hadi sakafuni, ulikuwepo mstari mwembamba kama uzi. Aliujaribu kwa ukucha. Ukucha ukaingia.

"Watoe watoto humu."

"Kuna nini, baba watoto?"

Akamweleza yote: shimo, zege, jasi, mthamini. Mkewe alisikiliza mkono ukiwa umeegemea ukuta alioupaka, kisha akauondoa polepole kana kwamba ukuta una moto. Walibeba godoro hadi sebuleni, mmoja huku, mwingine huku, mabinti wakifuata nyuma wakidhani ni mchezo.

"Na kesho utasaini?" mkewe aliuliza.

"Kesho nitamwambia yule binti wa benki kweli. Wataleta mthamini mwingine, waanze upya."

"Wiki ngapi tena?"

"Karatasi zikiwa sawa…"

Hakumaliza. Kutoka chumba cha nyuma walisikia mchanga ukichuruzika ndani ya ukuta, kidogo kidogo, kama mtu anayemimina nafaka bila haraka.